Kimondo cha Mbozi: miaka ya kutafutiwa ndugu

Mgeni akifika Ndolezi kutazama Kimondo cha Mbozi, kwanza husimuliwa ukubwa wake: tani 16 hivi, urefu wa mita 3, kimo cha mita 1. Ni mambo ya kujivunia. Lakini kuna jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko uzito huo, na ni wachache wanaolisikia. Katika orodha ya kimataifa ya vimondo vya chuma, hiki kimeandikwa kuwa hakina kundi. Kimondo cha Hoba huko Namibia, chenye tani 60 hivi, kina kundi lake. Cha kwetu hakijapata ndugu wa kutosha kuhesabiwa pamoja nao.

Kipo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, mkoani Songwe, ukiiacha barabara kuu ya Mbeya–Tunduma na kuingia ndani. Wenyeji walikifahamu tangu zamani. Watu wa nje walikijua mwaka 1930, baada ya W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg, kutoa habari zake. Udongo uliokizunguka ukachimbwa na kuondolewa, nguzo ya udongo ikaachwa chini yake, kisha ikaimarishwa kwa saruji. Mwaka 1931 wanajiolojia D. R. Grantham na F. Oates wakachapisha taarifa ya kitaalamu kuhusu chuma hicho.

Kabla ya hapo, mtu angekiweka wapi? Ukikitazama kwa mbali ni mwamba, tena mweusi-mweusi wenye kutu, umelala kilimani kama miamba mingine. Wanyiha wa eneo hili walikuwa mafundi wa chuma hasa, wenye kuyeyusha mawe ya madini katika tanuru za udongo na kufua majembe. Chuma walichokijua kilipitia motoni na mikononi mwao. Naona si ajabu kama tani 16 za chuma kisichotoka kwenye tanuru yoyote hazikuhesabiwa pamoja na jembe. Vilifanana kwa asili tu, na asili haionekani kwa macho.

Wazungu nao walianza na macho. Mwaka 1808, huko Vienna, Alois von Widmanstätten alichunguza mistari inayojitokeza uso wa kimondo cha chuma ukisuguliwa ukalainika na kuunguzwa: vipande virefu vya madini vinavyokatizana kama ukili uliosukwa. Tanuru ya mhunzi haiwezi kutoa mistari hiyo, kwa sababu chuma chenye nikeli huijenga kikipoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya gimba la angani. Karne ya 19 wataalamu wakapanga vimondo kwa mistari hiyo: yenye mistari minene huku, myembamba kule, isiyo na mistari pembeni. Cha Mbozi, ambacho ni karibu asilimia 90 chuma na karibu asilimia 9 nikeli, kina mistari. Kwa mpango huo kilikuwa na wenzake wengi tu.

Mpango huo ulivunjika katikati ya karne ya 20. Wakemia walianza kupima galiamu na jerimaniamu, elementi zilizomo kwa kiasi kidogo mno, na kuanzia mwaka 1967 John Wasson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliongoza kazi ya kuvipanga vimondo upya. Vilivyofanana kwa sura vikatenganishwa, vilivyotofautiana vikakutanishwa. Mwanafalsafa Nelson Goodman aliandika mwaka 1970 kwamba kusema vitu viwili vinafanana hakuelezi lolote mpaka useme vinafanana kwa lipi. Wataalamu wa vimondo walikuwa wameshaliona hilo kwenye mizani zao. Wakajiwekea na kanuni: kundi halipewi jina mpaka wapatikane angalau watano wanaolingana.

Mwaka 1996 Edward Olsen na wenzake, Wasson akiwemo, walichapisha uchunguzi wa kimondo chetu. Jerimaniamu yake ni zaidi ya mara kumi ya galiamu, jambo la nadra. Sifa hiyo walikuwa nayo pia wanachama watano wa kundi linaloitwa IIF. Hapo ungedhani ndugu wamepatikana. Lakini ndani ya chuma cha Mbozi mlikuwa na punje za madini ya mawe, mojawapo yenye upana wa milimita 3.1, kiini chake silika na ganda lake aina ya kioo. Kundi la IIF halikujulikana kuwa na punje za namna hiyo, na muundo wa punje hiyo haukulingana na kimondo chochote kilichojulikana. Sifa moja ilikivuta kundini, nyingine ikakitoa.

Pale mpakani Tunduma, bidhaa zinapopangwa, mambo hayaendi hivyo. Forodhani, chini ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa ulioanza kutumika mwaka 1988, kanuni ya nne inaamuru kwamba bidhaa isiyoingia kifungu chochote iwekwe pamoja na ile inayokaribiana nayo zaidi. Lazima iwe hivyo, maana lori haliwezi kusimama mpakani likisubiri wenzake wanne, na ushuru lazima ukadiriwe leo. Sayansi haina foleni hiyo, nami nashukuru kwamba haikukilazimisha kimondo hiki kuingia kwa jirani ili tu orodha ionekane safi.

Kinachoniumiza ni ncha yake. Ina makovu ya misumeno na tindo, mahali ambapo watu walimega vipande vya ukumbusho. Ushahidi wa 1996 ulitoka kwenye punje za milimita chache zilizofichwa ndani ya chuma, na hakuna ajuaye ngapi zimeondoka na vipande hivyo.