Maduka ya Bagamoyo yaliyopoa kabla ya kiyoyozi

Mfanyabiashara wa Bagamoyo wa miaka ya 1880 alikuwa na mali isiyopenda joto wala unyevu. Pembe za ndovu hupasuka zikianikwa juani, na kopra ikilowa huota ukungu. Umeme hakuwa nao. Alikuwa na ukuta, kivuli na upepo, na majengo ya Mtaa wa India yanaonyesha hadi leo jinsi alivyovitumia.

Tuanze na ukuta. Mafundi walipanga mawe ya matumbawe, wakayashikanisha kwa chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo yaliyochomwa juu ya magogo, hadi unene ukakaribia nusu mita. Joto la mchana hupenya polepole mno. Likifika ndani, jua limeshazama na madirisha yako wazi. Palipobanduka lipu utaona vichwa vya boriti za mikoko. Boriti moja haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, na wembamba huo ndio unaouwezesha upepo kuingia dirisha hili na kutokea lile. Chini lilikuwa duka, juu waliishi wenyewe, na mbele kulikuwa na baraza lenye kivuli ambapo wateja walikaa wakipatana bei.

Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi 1891, nao walijenga kwa kuta nene na veranda. Boma lao la 1897 lingalipo.

Maarifa hayo hayakuishia kwenye majengo ya kale. Msanifu majengo Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililofunguliwa 1975, alilipa paa la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa: linakinga jua na kukusanya maji ya mvua, huku hewa ikipita chini yake. Kwangu mimi, hilo ni miongoni mwa majengo ya biashara yaliyofikiriwa vizuri kuliko yote nchini.

Kisha vikaja vioo. Kioo kinachotazama jua la magharibi hulikaribisha joto ndani, halafu kiyoyozi kinashinda kikilitoa, na mwenye duka analipia umeme wa kazi hiyo kila mwezi. Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya bwawa la umeme la Mtera na mgawo wa umeme ukabana, jenereta zilinguruma mbele ya maduka na ofisi za Dar es Salaam. Jengo ambalo madirisha yake hayafunguki halikuwa na njia nyingine.

Inaniuma zaidi kuona nyumba kongwe za Bagamoyo zikipigwa lipu ya saruji. Saruji huuzuia ukuta wa matumbawe kupumua, unyevu na chumvi vikabaki ndani, na jiwe likaanza kumomonyoka.

Kila halmashauri inayopitisha ramani za majengo ya biashara, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini, imuulize kila mwenye jengo: pepo za kusi na kaskazi zitapita wapi, na upande wa magharibi utapata kivuli gani? Ukubwa wa kiyoyozi ujadiliwe baada ya hapo.