Kwaheri ya 2003
Nahakiki Futurama sehemu moja baada ya nyingine, kwa mfuatano wa tarehe, kama tunavyosoma nyaraka kwenye shahada yangu ya uzamili. Katuni hii ya Matt Groening ilianza Machi 28, 1999: Fry, mpeleka piza, anagandishwa mkesha wa 2000 na kuamka miaka elfu baadaye. Fox ilirusha sehemu yake ya mwisho Agosti 10, 2003. Fry anapiga vibaya opera aliyomtungia Leela. Watazamaji wanaondoka, Leela anabaki, anataka kusikia itakavyoisha.

Leo tunajua zilifuata filamu za DVD 2007, Comedy Central 2010, Hulu 2023. Waandishi wa 2003 hawakujua. Kwa hiyo ile naihakiki kama kwaheri. Nikiiita mapumziko, nitakuwa nimewafutia wasiwasi wao.