Maji ya Moto Katika Mashua za Mifereji ya Uingereza

Mwaka 1868 Benjamin Waddy Maughan, fundi wa rangi wa London, alipata hataza ya hita iliyopasha maji moto kwa gesi papo kwa papo, nayo haikuwa na bomba la kutolea moshi, hata ikawa mwenye kuoga hasalimiki na hewa mbaya. Gesi ya mitungi ilipoenea, na mashua nyembamba za mifereji, zenye upana wa kiasi cha futi 7, zilipoacha kuchukua makaa ya mawe zikawa maskani ya watu, hita za namna hiyo ziliingia mashuani. Lakini huko maji husukumwa na pampu ndogo ya betri, iwakayo na kuzimika kila mara.

Ndani ya hita mna kiwambo cha mpira ambacho, kikisukumwa na maji, hufungua njia ya gesi. Basi pampu ikisita, kiwambo hurudi, moto huzimika, na aogaye hupatwa na baridi ghafula. Dawa waliyoishika mafundi ni tangi dogo lenye hewa nyuma ya utando wa mpira, liwekwalo baada ya pampu, ambalo huhifadhi nguvu ya maji na kuyatoa kwa utulivu; na taabu ikizidi, huangaliwa chujio lililoziba, kiwambo kilichotoboka, au chokaa iliyoganda mirijani.

Ama gesi yenyewe, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini ya sakafu, wenye busara humwachia fundi aliyeidhinishwa.