Kijivu Kitupu

Picha ya marehemu bibi yangu ilitoka kwenye printa asubuhi, nikaipeleka dirishani, nikaridhika. Ukaya, mikunjo ya shavu, kivuli cha mlango nyuma yake, vyote vilikuwa kijivu safi. Usiku tulipowasha taa ya tyubu sebuleni, mama akauliza mbona bibi anaonekana mgonjwa. Kweli, shavu lilikuwa limeingia ukijani.

Rangi niliyoikosa usiku ule inahitaji jina. Kwa Kiingereza huitwa "neutral", na mfasiri akikutana na neno hilo hukimbilia "isiyofungamana na upande wowote", tuliyoizoea kwenye habari za siasa. Ni ndefu mno kwa mtu mwenye karatasi mbichi mkononi. Wengine wangesema "kijivu cha kati", na hapo ndipo ninapokataa kabisa. Kijivu cha kati ni kiwango cha mwanga: nusu ya safari kutoka weusi hadi weupe. Tunachokitafuta hapa ni jambo jingine, kwamba kijivu hicho, kiwe cha giza au chepesi, kisiwe na rangi nyingine ndani yake. Kipimo cha rangi kiitwacho Lab huyatenga mambo haya mawili vizuri. Namba ya kwanza, kati ya 0 na 100, hutaja mwanga. Mbili zinazofuata hutaja rangi inaegemea wapi, moja ikienda kijani au nyekundu, nyingine buluu au njano. Hizo mbili zikiwa sifuri, hicho ndicho ninachokiita kijivu kitupu, kama tunavyosema maji matupu au uongo mtupu. Tuna nyeusi ti, nyeupe pe, nyekundu pyu; kijivu hakikupewa chake, basi na kipewe "tupu". Kasoro yake tuiite mwegemeo.

Mwegemeo unatoka wapi? Printa ya kawaida ina wino wa sayani, majenta, njano na mweusi, na sehemu kubwa ya kijivu chake huipata kwa kuchanganya zile tatu za mwanzo. Majenta ikipungua kidogo tu, picha nzima inakwenda kijani. Kwenye picha ya rangi kosa hilo humezwa na jani la mgomba au kanga ya mtu. Kwenye kijivu jicho hulinasa papo hapo.

Mtu atasema, basi tumia wino mweusi peke yake. Nimejaribu. Sehemu za mwanga zinajaa vidoadoa kama mchanga, na kuna la zaidi: wino mweusi wa karboni asili yake ni masizi, na masizi yakifanywa mepesi huonyesha ukahawia. Kwa hiyo printa za wapigapicha hubeba weusi wa ngazi kadhaa. Epson walipotoa wino wa UltraChrome K3 mwaka 2005, ile tatu ya jina ilihesabu ngazi hizo: mweusi, mweusi mwepesi, na mwepesi zaidi. Rangi huingia kwa matone machache, kuurudisha ukahawia nyuma.

Mpango huo unatibu pia ugonjwa wa sebuleni kwetu, ambao nauita ukinyonga wa wino. Mchanganyiko wa rangi tatu unaweza kuwa kijivu kitupu juani na usiwe hivyo chini ya tyubu, kwa sababu kila taa ina mchanganyiko wake wa mwanga, na kila wino hurudisha sehemu yake tu. Karboni huurudisha mwanga wa rangi zote karibu sawasawa, hivyo taa ikibadilika, yenyewe haibadiliki sana.

Nilimchapa bibi upya kwa wino wa ngazi tatu. Safari hii sikuipeleka dirishani. Nilingoja usiku, nikampa mama chini ya taa ileile. Aliitazama kwa muda mrefu, akaizungusha huku na huku, kisha akaenda kutafuta msumari.