Egemeo la bunduki

Egemeo la bunduki ni kifaa kinachobeba sehemu ya mbele ya bunduki mlengaji anapopiga shabaha ya mbali. Katika mashindano ya F-Class, yaliyoasisiwa Kanada na George Farquharson, wapigaji hulala kifudifudi. Kundi la F-Open huruhusu egemeo zito linalokaa chini, na bunduki isizidi kilo 10; kundi la F-TR hutumia miguu miwili inayofungwa kwenye bunduki, na jumla isizidi kilo 8.25.

Uthabiti ndio kipimo cha kwanza, bei baadaye. Egemeo na mfuko wa mchanga unaobeba kitako cha bunduki nyuma vikiachana mita 1, mtikisiko wa milimita 1 tu huhamisha risasi sentimita 90 kwenye umbali wa mita 900. Kanuni za F-Class hazikubali viwili hivyo viunganishwe.