Ndanda tangu 1906: abasia chini ya mteremko wa Makonde

Huko St. Gallen, Uswisi, imehifadhiwa ramani iliyochorwa juu ya ngozi mwanzoni mwa karne ya 9. Inaonyesha monasteri nzima: kanisa, na kulizunguka shule, nyumba ya wagonjwa, bustani ya dawa, karakana za mafundi, nyumba ya wageni. Haikujengwa kamwe kama ilivyochorwa. Lakini teremka Ndanda, kusini mwa Tanzania, kwenye barabara ya Masasi, utembee kutoka hospitali hadi karakana ya useremala, kutoka kiwanda cha uchapaji hadi kanisani. Utaitambua. Wengine huitafuta Ulaya ya Zama za Kati kwenye matao na minara. Mimi naiona katika mpangilio huu.

Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifika Lukuledi 1895, na Nyangao mwaka uliofuata. Vita vya Maji Maji vilipozuka 1905, misheni zote mbili zilichomwa, na Askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa njiani tarehe 14 Agosti. Machoni pa watu waliobanwa na kodi na kilimo cha shuruti, msalaba na bendera ya Mjerumani vilishuka kutoka meli moja. Historia ya Ndanda isiyosema hivyo ina pengo.

Mwaka 1906 walianza upya hapa, na walijua kuchagua mahali. Juu ya mteremko, kwa Wamakonde, mchanga hunywa mvua yote. Kina mama walizoea kushuka mteremko mzima kufuata maji, kisha kuupanda tena na mtungi kichwani. Chemchemi ziko chini. Wamonaki wa kale nao walitafuta maji kwanza, ndipo wakajenga.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani. Kazi ikashikwa na Waswisi, na kuanzia 1922 Prefekti wa Lindi, yaani mkuu wa kanisa la eneo hilo, alikuwa Gallus Steiger, aliyebeba jina la utawa la mtakatifu yuleyule aliyeupa mji wa St. Gallen jina lake. Mwaka 1931 Ndanda ikawa abasia.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inawatanguliza wagonjwa mbele ya yote, na hapo ndipo Ndanda ilipopata jina. Sista Thecla Stinnesbeck, daktari, Mbenediktini wa Tutzing, aliwahudumia hapa kina mama na watoto. Wenye ukoma, ambao wengi waliwakwepa, walipata makao na matibabu jirani, Mwena. Pale ambapo watawa wa kale walinakili vitabu kwa mkono, hapa mashine ilichapa vitabu vya Kiswahili. Shuleni alipita Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso na Rais wa baadaye wa Tanzania.

Kanuni hiyohiyo inaagiza kwamba saa ya sala ikifika, kila mtawa aache mara moja kilichomo mkononi. Zamani walioiacha randa juu ya ubao walikuwa mabruda kutoka Ulaya. Leo watawa wengi ni Watanzania, na kengele ni ileile.