Kugawa sauti kidijitali katika spika za kujiundia

FUNDI anayejiundia spika hukabiliwa na tatizo moja kabla hata ya kulipaka sanduku rangi. Hakuna spika moja iwezayo kutoa vyema sauti zote ambazo sikio la binadamu husikia, yaani kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Ndiyo maana sanduku la kawaida huwa na spika kubwa ya sauti nzito, wufa, na ndogo ya sauti nyembamba, twita. Kifaa kinachoamua sauti ipi iende wapi huitwa krosova.

Kwa miaka mingi krosova imekuwa ikiundwa kwa koili za waya wa shaba na kapasita, zikifungwa baada ya amplifaya. Kwenye karatasi hesabu yake si ngumu: kwa twita ya ohmu 8 na mpaka wa hezi 2,500, kapasita moja ya mikrofaradi 8 yatosha. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba spika hubaki kwenye ohmu 8 wakati wote, ilhali ukinzani wake hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopigwa. Krosova inayouzwa ikiwa tayari, bila muundaji kujua itafungiwa spika gani, ni kama kiatu kilichoshonwa bila kupima mguu. Isitoshe, ukiushusha mpaka hadi hezi 300, kapasita yapaswa kuwa ya mikrofaradi 66 hivi na koili ya wufa ya milihenri 4.2. Hiyo ni shaba nyingi.

Teknolojia ya kuchakata sauti kidijitali, maarufu kwa kifupi kama DSP, huifanya kazi hiyo kabla ya amplifaya. Kifaa hupima ishara ya sauti mara 48,000 au zaidi kwa sekunde, huigeuza kuwa tarakimu, huzizidisha na kuzijumlisha, kisha huzirejesha kuwa umeme kupitia matundu tofauti. Kila tundu huenda kwa amplifaya yake. Hapo ndipo gharama inapohamia, kwani jozi ya masanduku yenye wufa na twita huhitaji njia nne za amplifaya badala ya mbili. Vifaa vidogo kama vile miniDSP 2x4 vina njia mbili za kuingizia sauti na nne za kutolea, na hupangwa kwa tarakilishi. Kubadilisha mpaka ni kuandika nambari nyingine tu.

Mpangilio unaopendwa zaidi ni ule wa Linkwitz-Riley, uliopewa jina la wahandisi wawili wa kampuni ya Hewlett-Packard, Siegfried Linkwitz na Russ Riley. Linkwitz aliuchapisha mwaka wa 1976. Katika aina yake ya desibeli 24, wufa na twita hupungua kwa desibeli 6 kila moja pale mpakani, na mawimbi yake hupanda na kushuka kwa pamoja, hivyo jumla yake haina shimo wala kilima. Twita nayo hupata ahueni kubwa. Nusu ya masafa ya mpaka, kapasita moja bado huipitishia asilimia 45 hivi ya sauti ile nzito ukipima kwa volti, au sehemu moja kati ya tano ya nguvu. Mpangilio huu hupitisha chini ya sehemu moja kati ya 250 ya nguvu hiyo.

Mawimbi hayo hukutana sawasawa tu iwapo yanasafiri umbali sawa. Sauti ya wufa hutoka ndani zaidi kuliko ya twita. Tofauti ya milimita 34 ni sawa na robo nzima ya wimbi la hezi 2,500. DSP huichelewesha twita kwa sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na tofauti hiyo ikaisha. Kwa koili na kapasita, marekebisho hayo ni kazi ngumu mno.

Hata hivyo, usipange kwa sikio pekee. Maikrofoni ya kupimia na programu ya bure ya Room EQ Wizard huonyesha shimo ambalo sikio lilishalizoea. Aidha, DSP haiponyi sanduku linalotetemeka, wala haiifanyi wufa ndogo kuwa kubwa: kuongeza besi kwa desibeli 10 kwahitaji nguvu mara kumi, na wanaopanda matatu wanajua wufa iliyolazimishwa husikika vipi.

Hatari kubwa zaidi ni kwa twita, kwani sasa imefungwa moja kwa moja kwenye amplifaya. Nambari moja iliyokosewa, au nyaya za wufa na twita zikibadilishana, nayo huungua papo hapo. Mafundi waangalifu huacha kapasita ya mikrofaradi 20 hivi mbele ya twita ya ohmu 8. Hiyo huanza kuzuia karibu hezi 1,000, na pia huzuia umeme wa moja kwa moja amplifaya ikiharibika. Jaribu kila njia kwanza kwa spika kuukuu usiyoijali, sauti ikiwa chini. Kifaa cha DSP kiwashwe kabla ya amplifaya na kuzimwa baada yake, ili mshindo wa kuwasha usiifikie twita.